Utakatifu Hukaa Wapi?

Huko Mwadui, wilayani Kishapu, thamani hutoka ardhini na kupimwa kwa karati. John Williamson aligundua almasi ya hapo mwaka 1940. Mwaka 1947 likapatikana jiwe la rangi ya waridi la karati 54.5, ambalo Williamson alimzawadia Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza. Almasi haina badala. Kioo, hata king'ae vipi, hakigeuki almasi kwa nia njema ya mwenye nacho.

Wilaya hiyohiyo inajua thamani ya namna nyingine. Katika matambiko ya Wasukuma, pombe ya mtama humwagwa chini kwa ajili ya masamva, wazee wa ukoo waliotangulia. Je, utakatifu umo ndani ya pombe kama almasi ilivyo ndani ya mwamba, au hutoka kwa anayetoa?

Kinywaji cha kale kinatusaidia kufikiri. Katika Rigveda ya Wahindu, kitabu chote cha tisa, chenye tenzi 114, kinamsifu Soma: mmea uliopondwa, ukachujwa, ukatolewa kwa miungu, nao wenyewe ukahesabiwa mungu. Wafuasi wa Zoroasta nao wana kinywaji kama hicho, Haoma, ambacho mmea wake hutwangwa kinuni na makuhani. Mmea wa Soma wa awali ulipotea, na wataalamu bado wanabishana ulikuwa upi. Mwaka 1968 mtafiti R. Gordon Wasson alidai ni uyoga. Ibada haikufa. Maandiko ya ibada ya Kihindu yaitwayo Brahmana yaliruhusu mmea mwingine, putika, Soma ikikosekana.

Basi utakatifu haukuwa katika mmea peke yake. Lakini tusikimbilie kusema nia inatosha. Ingetosha, makuhani wasingetaja badala maalumu; wangetwaa chochote kilicho karibu. Ruhusa ilikuja kwa aliyekosa, si kwa aliyechoka kutafuta. Ndivyo ninavyoutazama ukoo wa Kisukuma huko Kishapu: mwaka wa ukame, mtama ukikataa, kibuyu cha maji kinachotolewa na mwenye kiu kina uzito wote wa pombe. Ghala likiwa limejaa, maji yaleyale ni ubahili.

Naamini, kwa hiyo, kwamba utakatifu hukaa katika kile ambacho mtoaji amekubali kupungukiwa. Almasi iliyoibwa hubaki almasi. Sadaka iliyoibwa si sadaka. Anayetaka kurithi mila za wazee asiulize tu kinachomwagwa ni nini. Ajiulize kimemgharimu nini.