Zawadi Iliyomfuata Mtoza Zaka

Ndugu zangu Waislamu wa Isiolo, Mtume (s.a.w.) alimtuma Ibn al-Lutbiyya kukusanya zaka. Aliporudi akasema: hii ni yenu, na hii nimezawadiwa mimi. Mtume akapanda mimbari, akauliza: lau mtu huyo angalikaa nyumbani kwa wazee wake, zawadi hiyo ingalimfuata?

Swali hilo tuliweke mbele ya KEMSA, ghala la dawa la serikali, ambalo mji wetu walitegemea. Nasi tulikuwa katika kaunti 4 za majaribio ya afya kwa wote yaliyoanza Desemba 2018. Mwaka 2020, watu wakifa kwa Korona, kampuni iliyoandikishwa Januari mwaka huo huo iliahidiwa zabuni ya shilingi bilioni 4, kisha ahadi ikafutwa. Mkuu wa KEMSA aliwaambia Maseneta kuwa alisukumwa na wakubwa wa Wizara ya Afya, nao wakakana. Hatuhukumu kwa tuhuma. Lakini Mkaguzi Mkuu alikuta taratibu zimevunjwa katika manunuzi ya shilingi bilioni 7.8, na bidhaa za mabilioni zimelala ghalani, ilhali waganga na wauguzi waligoma wakidai nguo za kujikinga.

Nairobi ni mbali, na kuilaumu ni rahisi. Tajiri wa zabuni akituletea mabati ya msikiti, nani amuulizaye alikoyapata? Twamkalisha safu ya mbele, na dua twamwombea kwa kipaza sauti! Darasa letu laziomba kamati za misikiti ziulize kabla ya kupokea, hata kama paa litachelewa.