Dirii ya Farasi

Sokoni nyongeza hailipiwi. Ukishapimiwa kilo mbili za maharage unamwambia muuzaji, "Niongezee basi, mama," naye anachota konzi moja, anaitupia juu ya mizani, nawe unaondoka ukijiona umemweza. Yeye anajua hujamweza. Konzi ile aliihesabu tangu asubuhi alipokuwa anapanga bei. Lakini ndivyo watu wanaotaka kuonana tena kesho wanavyouziana.

Kwa hiyo mpwa wangu, kijana wa miaka 13, aliponiambia, "Shikamoo mjomba, naomba elfu tatu ninunue nyongeza," nilidhani nimesikia vibaya. Nyongeza inanunuliwaje? Akanieleza, kwa ile subira ambayo watoto huitumia kwa wazee, kwamba gemu iliyo kwenye simu ya mama yake ni ya bure, ila ukitaka mchezaji mwenye kasi unamlipia. Nikampa. Wiki ile ile akarudi mara mbili, na mara ya pili hakuwa anaomba kununua kitu; alikuwa anaomba kununua sanduku ambalo huenda lina kitu.

"Na usipolipia?"

"Nitapata tu mjomba, ila nitasubiri."

"Mpaka lini?"

Akacheka, kana kwamba nimemuuliza mwisho wa bahari uko wapi.

Cheko lile lina asili yake, na asili hiyo ina farasi ndani yake. Machi 2006 kampuni ya Bethesda, ya kule Maryland, Marekani, ilitoa gemu inayoitwa Oblivion. Ni nchi nzima ya kubuni: miji, mapango, magofu, misitu ambayo mtu angeweza kuzurura kwa miezi bila kumaliza. Watu waliipenda sana. Aprili, kabla hata wengi hawajaizunguka nchi hiyo, kampuni ikaweka dukani, kupitia intaneti, kitu kipya cha kupakua: dirii ya farasi. Mnyama wako angevishwa bamba za chuma, au ukipenda, mapambo ya kifalme zaidi. Bei kwa wenye mashine ya Xbox 360 ilikuwa pointi 200, yaani dola 2.50.

Hizo pointi nazo zilikuwa na ujanja wake. Hukulipa dola moja kwa moja. Ulinunua pointi kwa mafungu, ukatumia baadhi, na zilizobaki mara nyingi hazikutosha kununulia kitu kingine. Sisi tunaujua mchezo huo: ni mwenye duka anayekupa pipi mbili badala ya chenji. Pipi si mbaya, ila hukuziomba, na huwezi kuzipeleka duka la pili.

Wachezaji walikasirika, kisha wakacheka, kisha dirii ile ikawa dhihaka ya kudumu. Farasi wa kwenye skrini avae chuma kwa fedha halisi? Hadithi ya gemu haikuongezeka hata sentensi moja inayokumbukwa. Hata hivyo iliuzika, na walioishangilia biashara hiyo walikuwa wanaangalia mauzo, hawakuwa wanasikiliza vicheko.

Walichopaswa kuangalia kilikuja mwaka mmoja baadaye, kutoka nyumba ile ile. Machi 2007 Bethesda ilitoa nyongeza nyingine ya Oblivion, Shivering Isles: himaya nzima ya mungu mwendawazimu, nusu yake yenye rangi za kuchangamka na nusu yenye giza na matope, na watu wake, magonjwa yake, vichekesho vyake. Bei yake ilikuwa dola 30, mara kumi na mbili ya dirii. Hakuna aliyeifanyia dhihaka. Mpaka leo wapo wanaoitaja kuwa bora kuliko gemu yenyewe. Basi ugomvi haukuwa juu ya kulipa. Mtu aliyeuziwa nchi kwa dola 30 aliona amepewa haki yake, na aliyeuziwa vazi la farasi kwa dola mbili na nusu aliona amepunjwa, na wote wawili walikuwa sahihi.

Tusiwaonee wauzaji. Gemu kubwa huko Marekani ilibaki kwenye bei ya dola 60 tangu kizazi cha mashine cha 2005 hadi 2020, ilhali mishahara ya wasanii, waandishi na watayarishaji wa programu ilipanda na timu zikawa za mamia ya watu. Tena kuna jambo ambalo mlaji halioni: wachoraji humaliza kazi yao mapema, wakati wenzao wa programu bado wanasaka makosa na diski hazijachapwa. Wachoraji hao wafanye nini katika miezi hiyo? Wakaanza kutengeneza nyongeza. Kwa hiyo nyongeza inayotoka siku ile ile na gemu si lazima iwe imekatwa kutoka kwenye mwili wake. Wakati mwingine ni kazi ya watu ambao wangepunguzwa kazini.

Wakati mwingine. Mwaka 2012 Capcom ya Japani ilitoa gemu ya ngumi, Street Fighter X Tekken, na wachezaji wajuzi walipoichungulia diski wakakuta humo wapiganaji kumi na wawili waliofungiwa. Walikuwa tayari ndani ya diski uliyoilipia, iko mkononi mwako, unaweza kuirusha ukutani ukitaka, ila kuwafikia ulingoje wakati wake ulipie ufunguo. Kampuni ilijitetea kwamba ilitaka waliowanunua na wasiowanunua waweze kucheza pamoja bila tatizo. Sababu hiyo ina mantiki ya kiufundi. Lakini mwambie mtu kwamba chumba cha tatu cha nyumba aliyoinunua kimefungwa kwa manufaa ya majirani, uone atakujibu nini.

Kisa kikubwa, hata hivyo, kilianza kwa nia iliyoonekana njema, na ndiyo maana nakirudia kila ninapobishana na watu juu ya jambo hili.

Mwaka 2015 Electronic Arts, wanaoitwa EA, walitoa Star Wars Battlefront, gemu ya vita ya mtandaoni iliyotengenezwa na DICE ya Stockholm. Juu ya bei ya gemu waliuza pasi ya msimu kwa dola 50: ukiwa nayo, unapata ramani mpya zinapotoka. Wasio nayo walibaki kwenye ramani za zamani. Gemu ya mtandaoni ni kama mpira wa mtaani, inataka watu. Ukiugawa uwanja vipande viwili, wenye nacho huku na wasio nacho kule, muda si mrefu pande zote mbili hazitimizi timu. Wachezaji walilalamika, na EA, tuwape haki yao, wakasikia. Katika toleo la pili, la Novemba 2017, wakatangaza kwamba hakutakuwa na pasi. Ramani zote, mashujaa wote watakaokuja, bure kwa kila mtu.

Fedha ile ya pasi ilibidi itoke mahali pengine. Ikahamia kwenye masanduku. Nguvu za mpiganaji wako zilitoka kwenye kadi, kadi zilitoka kwenye masanduku, na sanduku hujui lina nini mpaka ulifungue. Ungeweza kuyapata kwa kucheza au kwa fedha halisi. Mtoto yeyote aliyepita stendi akaona watu wamezunguka karata tatu angelitambua haraka kuliko mawakili wa kampuni: ni pata potea. Tofauti ni kwamba mchezeshaji huyu alikuwa amekwisha kutoza dola 60 za kiingilio kabla hajatandika karata zake.

Na mashujaa? Darth Vader na Luke Skywalker, yaani wale wawili ambao kwa ajili yao mtu hununua kitu chenye jina la Star Wars, walikuwa wamefungwa. Kumfungua mmoja kulihitaji sarafu za mchezo 60,000. Wachezaji waliopata kuigusa gemu mapema walipiga hesabu wakapata kama saa 40 za kucheza kwa shujaa mmoja. Mmoja akalalamika kwenye mtandao wa Reddit kwamba amelipa dola 80 kwa toleo la kifahari na Vader bado yuko nyuma ya komeo. Tarehe 12 Novemba EA wakamjibu kwa lugha laini kwamba lengo ni wachezaji wajisikie fahari ya kufungua mashujaa kwa juhudi zao. Jibu hilo lilipigiwa kura za kukataliwa zaidi ya 600,000. Likaingia katika kitabu cha rekodi cha Guinness.

Kilichofuata ndicho ninachokipenda, kama kupenda ndilo neno lake. Siku moja baadaye bei ya mashujaa ilipunguzwa kwa asilimia 75. Vader akashuka hadi 15,000. Watu wakashangilia, mpaka waliposoma maandishi madogo: zawadi ya kumaliza sehemu ya hadithi, iliyokuwa sarafu 20,000, nayo ilikuwa imeshushwa hadi 5,000. Muuzaji alipunguza bei ya maharage na kubadili jiwe la mizani kwa mkono ule ule. Saa chache kabla ya gemu kuingia sokoni rasmi tarehe 17, EA walizima kabisa ununuzi kwa fedha halisi.

Ubaya wa nyongeza mbaya uko kwenye ile 60,000, si kwenye sanduku. Nani aliipanga? Katika gemu isiyo na duka ndani yake, namba kama hiyo hupangwa na mtu mmoja anayejiuliza swali moja: ikiwa hivi, mchezo utanoga? Safari ikiwa ndefu, ni kwa sababu aliona urefu una utamu. Duka likishaingia, yule mtu anapata mwenzake mezani, na mwenzake anauliza swali jingine: ikiwa hivi, watachoka kiasi cha kulipa? Huenda namba iliyotoka ilikuwa ya wa kwanza. Mchezaji hawezi kujua. Tangu hapo kila ugumu unanuka, kila ucheleweshaji una mtuhumiwa, na hata adui mgumu aliyewekwa kwa nia safi anaonekana kama kibanda cha ushuru barabarani. Mpishi akianza kuuza chumvi mezani, mchuzi usiokolea hauwi tena bahati mbaya.

Serikali ziliingilia kwa mtindo wao. Aprili 2018 tume ya kamari ya Ubelgiji ilisema masanduku ya gemu za FIFA 18, Overwatch na Counter-Strike: Global Offensive yanavunja sheria ya kamari ya nchi hiyo, na mwanzoni mwa 2019 EA wakaacha kuuza pointi za FIFA huko. Uholanzi iliwatoza EA faini ya euro milioni 10, lakini mahakama ya juu ya utawala ikaitupilia mbali mwaka 2022. Uingereza nako, Juni 2019, mwakilishi wa EA aliwaambia wabunge kwamba hayo si masanduku ya kamari bali ni mfumo wa kushtukiza, kama mayai ya Kinder yenye vikaragosi ndani. Sina ugomvi na mayai ya Kinder. Lakini yai likishaliwa halimrudishi mtoto dukani ili aweze kumshinda rafiki yake.

Inawezekana kufanya vinginevyo, tena kwa faida. CD Projekt Red ya Warsaw walipotoa The Witcher 3 mwaka 2015 waligawa vipande vidogo kumi na sita bure: nguo, kazi fupi, mapambo, ndiyo, hata vifaa vya farasi. Hiyo ni ile konzi ya juu ya mizani. Kisha wakauza viwili vikubwa, na cha pili, Blood and Wine cha Mei 2016, kilikuwa na nchi yake ya mizabibu na hadithi ya kutosha kuwa gemu kamili. Mwisho wa mwaka kilishinda tuzo ya gemu bora ya uhusika kwenye The Game Awards, kikishindana na gemu nzima nzima.

Battlefront II nayo haikufa. Kuanzia Machi 2018 kadi za nguvu ziliacha kuuzwa, kilichobaki cha kununua ni mavazi, na kwa miaka miwili DICE waliendelea kuongeza mashujaa na ramani bila malipo, kama ilivyoahidiwa mwanzo. Januari 2021 ilitolewa bure kwenye duka la Epic, na watu zaidi ya milioni 19 wakaichukua hata seva zikazidiwa. Ilikuwa gemu nzuri muda wote ule, na hilo ndilo linaloniuma: watu wa Stockholm walichora theluji na misitu ile kwa miaka, kisha wiki ya arusi yao ikazungumzwa bei ya tiketi tu.

Na farasi? Aprili 2025 Bethesda walitoa Oblivion iliyofanyiwa ukarabati. Toleo la kawaida dola 50, toleo la kifahari dola 60, na ndani ya hizo dola 10 za ziada, kwa makusudi na kwa kukonyeza jicho, kulikuwa na dirii mpya ya farasi. Safari hii hakuna aliyekasirika sana. Watu walicheka, wengi wakainunua.

Nilimsimulia mpwa wangu kisa hiki chote jioni moja tukisubiri chakula, farasi, Vader, jiwe la mizani na yote. Alinisikiliza kwa adabu, simu ameilaza kifudifudi gotini. Nilipomaliza akanyamaza kidogo.

"Mjomba," akasema, "hiyo dirii ilikuwa ya rangi gani?"