Ujira wa Mlinzi wa Kanisa

Soma: Walawi 19:13, 2 Samweli 24:24, Nehemia 13:10, 11, Warumi 4:4, Kumbukumbu la Torati 5:14, 15.

Mwezi Juni na Julai usiku wa Mbeya na Iringa huwa na baridi kali. Waumini wakiwa wamelala, mlinzi wa kanisa hukesha ndani ya koti zito, akilinda viti, vipaza sauti na mabati ya jengo ambalo halijakamilika. Mwisho wa mwezi humwendea mhazini, naye huweza kuambiwa avumilie, kwa kuwa fedha zote zimeingia katika ujenzi. Kisha huongezewa neno la faraja: "Ndugu, hii ni kazi ya Mungu. Thawabu yako iko mbinguni."

Je, ni haki kumjibu hivyo?

Wapo wanaosema ni haki. Wazee wa kanisa, mashemasi na walimu wa Shule ya Sabato hutumika bila malipo. Kwa nini mlinzi asivumilie? Lakini hao walijitolea wenyewe, na riziki yao hutoka shambani, dukani au ofisini. Mlinzi hakujitolea, alipatana. Katika Warumi 4:4 Paulo anatenganisha mambo hayo mawili: ujira wa mtenda kazi ni deni, si fadhili. Baraza la kanisa linapomlipa mlinzi halimsaidii mhitaji, linalipa deni. Walawi 19:13 hairuhusu deni hilo lilale hata usiku mmoja.

Daudi aliponunua kiwanja cha Arauna, alikataa kumtolea Mungu sadaka isiyomgharimu kitu. Hapo ndipo penye hatari kwa kanisa linalojenga. Bati lililonunuliwa kwa mshahara wa mlinzi halikuwagharimu waumini. Lilimgharimu mlinzi, naye hakuulizwa.

Zaka hupelekwa konferensi, ambayo humlipa mchungaji. Mlinzi na mfanya usafi hulipwa kwa matoleo ya kanisa mahalia, hivyo baraza halina wa kumsukumia lawama. Siku za Nehemia, Walawi walipokosa posho walikimbilia mashambani mwao. Nehemia hakuwakemea Walawi kwa kukosa imani, aliwakemea wakuu.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 humtaka mwajiri ampe mfanyakazi masharti ya kazi kwa maandishi, na humpa mfanyakazi likizo ya siku 28 kwa mwaka. Kanisa linaloajiri ni mwajiri. Lisipoweza kulipa, na liseme kabla ya kuajiri, kisha waumini walinde kwa zamu. Hapo baridi ya usiku itakuwa sadaka yao kweli.

Wazazi wengi wa Iringa wanalijua jambo hili kwa upande wa pili. Vijana wao huenda Dar es Salaam kufanya kazi za ndani, na wengine huambiwa, "Wewe ni kama mwanangu," huku mshahara haulipwi. Mzazi anayeumia kwa habari hiyo anapoketi katika baraza la kanisa, neno "ndugu" lisimfanye asahau. Amri ya Sabato yenyewe, katika Kumbukumbu la Torati 5, huwakumbusha Israeli kwamba walikuwa watumwa Misri, ili mtumishi wao apumzike kama wao.

Maswali ya kujadili

1. Kanisa lenu linamlipa nani, na je, mapatano yake yameandikwa?

2. Waumini wanapoabudu siku ya Sabato, mlinzi wenu yuko wapi? Ni nani angeweza kushika zamu yake ili naye aabudu?

3. Fedha zikipungua mwezi huu, ni kitu gani kitangoja kwanza: jengo au mtu?