Rais Asiyeuliza Vipimo Vyake

Mwaka 1935 presha ya Franklin Roosevelt, rais wa Marekani, ilipimwa ikawa 136 kwa 78. Mwaka 1937 ilikuwa 162 kwa 98, na Februari 1941 ikafika 188 kwa 105. Namba hizo zote zilikuwa kwenye faili la mtu mwenye daktari wake mwenyewe ikulu. Hata hivyo daktari wa moyo hakuitwa mpaka Machi 1944, tena baada ya Anna, binti wa Roosevelt, kuona baba anadhoofika na kushikilia kwamba lazima achunguzwe.

Naileta habari hii kwa sababu wengi wetu tuko kazini na maradhi ya kudumu: presha, kisukari, selimundu, figo. Tunameza dawa asubuhi, tunawahi kazini, na tukiulizwa hali tunajibu "salama tu." Mimi nawe tunaweza kuanguka palepale alipoanguka Roosevelt, kwa kuwa hakuwa mjinga wala mzembe. Alikuwa mtu wa kazi aliyekwisha kuishinda mitihani mikubwa. Tangu mwaka 1921 polio ilikuwa imempooza miguu, na bado akashinda uchaguzi wa urais mara tatu. Mtu aliyezoea kuushinda mwili wake huchelewa sana kuusikiliza.

Dalili hazikujificha. Baada ya safari ya Tehran, mwishoni mwa 1943, alishikwa na mafua makali, na kikohozi kikagoma kuondoka. Aliamka amechoka. Alisinzia katikati ya kazi, na saini yake ikawa inaishia kwenye mkwaruzo wa kalamu. Lakini kila dalili ilipewa udhuru wake: kikohozi ni cha mafua, uchovu ni wa vita, usingizi ni wa usiku mfupi. Hakuna aliyekaa akaziweka dalili zote pamoja na zile namba za tangu 1935. Hapa naomba tutulie kidogo, maana ndivyo tunavyofanya majumbani. Kuvimba miguu tunasema ni kusimama sana, kuishiwa pumzi ni ngazi za ofisini, kichwa kugonga ni jua. Udhuru mmojammoja unaweza kuwa wa kweli. Zikikutana dalili tatu kwa mtu mmoja ambaye tayari ana ugonjwa, huo si wakati wa kutafuta udhuru wa nne.

Tarehe 28 Machi 1944 daktari kijana wa moyo, Howard Bruenn, alimpima. Presha ilikuwa 186 kwa 108. Moyo ulikuwa umetanuka, na ulikuwa umeanza kushindwa kusukuma damu ipasavyo. Bruenn aliagiza dawa ya moyo, chumvi ipunguzwe, sigara zipunguzwe, na mgonjwa apumzike. Roosevelt alikwenda South Carolina akakaa karibu mwezi mzima, kisha kazi ikapunguzwa hadi takriban saa nne kwa siku. Akapata nafuu, pumzi ikarudi.

Nafuu hiyo ndiyo iliyowadanganya wengi. Daktari mkuu wa rais, Ross McIntire, ambaye utaalamu wake ulikuwa masikio, pua na koo, aliwaambia waandishi wa habari kwamba rais yuko vizuri kwa mtu wa umri wake. Roosevelt naye, kwa mujibu wa maandishi ya Bruenn aliyoyachapisha mwaka 1970, hakuwahi kuuliza kwa nini moyo wake unapimwa mara kwa mara wala vidonge anavyomeza ni vya nini. Miezi ikapita, akameza na kunyamaza. Daktari hasemi kwa sababu mgonjwa haulizi, na mgonjwa haulizi kwa sababu jibu huenda likamtaka abadilishe maisha.

Julai mwaka huohuo daktari mwingine, Frank Lahey, aliandika waraka kwamba haamini rais ana nguvu za kumaliza muhula mwingine, na kwamba McIntire ameelezwa hivyo. Waraka huo ulifungiwa kwa miongo mingi. Agosti, akihutubia huko Bremerton, Roosevelt alibanwa na maumivu ya kifua, akaendelea kuhutubia. Novemba akachaguliwa mara ya nne. Februari 1945 alisafiri mpaka Yalta, na Machi akalihutubia Bunge ameketi. Aprili 12, akichorwa picha huko Warm Springs, alisema kichwa kinamuuma vibaya upande wa nyuma, akapoteza fahamu. Presha ilikuwa imevuka 300. Alifariki saa tisa na dakika 35 alasiri hiyo, akiwa na miaka 63.

Makamu wake, Harry Truman, alikuwa kwenye wadhifa huo kwa siku 82, na hakuwa ameelezwa kuhusu mradi wa bomu la atomiki. Aliapishwa jioni, ndipo akadokezwa. Maelezo kamili aliyapata Aprili 25. Hili linanisikitisha kuliko vidonge vile, maana kumwandaa anayefuata hakuhitaji dawa wala mtaalamu. Kulihitaji tu mgonjwa akubali kwamba ni mgonjwa.

Tumtendee haki: wakati ule hapakuwa na dawa ya kutegemewa ya kushusha presha. Sisi tunazo, na nyingi si za gharama kubwa. Wala sisemi kila mwenye maradhi ya kudumu astaafu. Zile saa nne kwa siku zinaonyesha kwamba kati ya kujimaliza kazini na kuacha kazi kuna nafasi pana: kazi nyepesi, zamu fupi, kuhamishiwa kituo cha karibu na hospitali, likizo ya ugonjwa. Sheria ya kazi ya Tanzania Bara ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa siku 126 za likizo ya ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36, siku 63 za mwanzo kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu mshahara. Nchini Kenya, sheria ya 2007 inaweka kiwango cha chini cha siku 7 kwa malipo kamili na 7 kwa nusu kila mwaka, kwa hiyo huko nafasi ni finyu na mazungumzo na mwajiri yaanze mapema zaidi.

Na kama kustaafu kwa sababu za kiafya kumeanza kukujia akilini, usikae nako peke yako usiku. Mwambie mwenzi wako. Mwombe daktari akuandikie hali yako ilivyo, bila kuipamba. Nenda kwenye mfuko wako wa hifadhi ya jamii ungali kazini, uulize masharti ya pensheni ya ulemavu, michango inayotakiwa na vyeti ambavyo jopo la madaktari litavihitaji. Usiandike barua ya kuacha kazi kabla ya kupata majibu hayo, na umfundishe mwenzako mmoja kazini yale unayoyajua peke yako.