Mwanamke Aliyesema Yote



Katika Injili ya Marko, sura ya 5, twasoma habari za mwanamke aliyetokwa na damu miaka 12. Alikuja kwa siri nyuma ya watu, akaligusa vazi la Bwana, akapona. Lakini Bwana hakumwacha aende zake na siri yake. Alimngoja mpaka akatokea mbele, akitetemeka, akaeleza yote. Naye hakuaibishwa, bali aliitwa binti.

Nawakumbusha habari hii kwa sababu ya kosa langu mwenyewe. Mama mmoja, aliyekwisha kupita umri wa kuzaa, alivimba tumbo. Akila matonge mawili hushiba. Majirani walinong'ona, wengine wakataja uchawi. Mimi niliomba pamoja naye, nikamhimiza avumilie. Sikumwuliza neno juu ya mwili wake, maana niliona haya. Alipopelekwa hospitali, ugonjwa ulikuwa umekwisha kuenea. Tulimzika kabla ya mavuno. Ilikuwa saratani ya ovari, yaani vile viungo viwili vya ndani vitoavyo mayai ya uzazi.

Basi, akina mama na dada zangu, sikieni dalili zake: tumbo kuvimba pasipo kupungua, maumivu ya tumbo au chini ya kitovu, kushiba upesi, kwenda haja ndogo mara kwa mara. Kila moja yaweza kuletwa na ugonjwa mdogo. Lakini ikiwa ni jambo jipya, tena larudi karibu kila siku kwa majuma mawili au matatu, msingoje. Vivyo hivyo damu ikitoka baada ya hedhi kukoma. Hatari huzidi kwa umri, tena kwa yule ambaye mama yake au dada yake aliugua saratani ya ovari au ya titi.

Fahamuni pia kwamba kipimo cha mlango wa kizazi ni chema sana, nanyi msikiache. Lakini hakionyeshi saratani ya ovari. Mlinzi wa kwanza ni kinywa cha mgonjwa mwenyewe.

Nanyi wanaume, msiseme mahindi hayajauzwa. Hospitali ya Kilutheri ya Haydom imewahudumia watu wetu tangu 1955, nayo KCMC ya Moshi na Ocean Road ya Dar es Salaam hutibu saratani. Kondoo aliyeuzwa hupatikana mwingine. Mama wa watoto hapatikani mwingine.

Uvumilivu ni tunda la Roho, lakini kuficha ugonjwa si uvumilivu. Tuombe, kisha tumsindikize mgonjwa kwa tabibu, maana vyote viwili ni vipawa vya Mungu. Yeye aliyemngoja yule mwanamke aseme, atufundishe nasi kusikiliza. Amina.