Kirungu Kisicho na Alama

Je, mtu ajuaye jambo ana wajibu wa kuliandika kwa ajili ya mtu asiyelijua? Swali hili aghalabu huulizwa juu ya sheria, dawa na elimu, mahali ambapo uzito wake huonekana bila taabu. Walakini swali kubwa haliharibiki kwa kutiwa ndani ya kitu kidogo. Pengine huonekana vyema zaidi humo, kwa kuwa kitu kidogo hakina fahari ya kulificha. Kitu kidogo kilichochaguliwa hapa ni kirungu cha gia, yaani kile kichwa cha mviringo kilicho juu ya mkono wa gia katika motokaa, ambacho dereva hukishika kila anapobadili mwendo. Katika motokaa za baadaye kirungu hicho huchorwa mistari na tarakimu zionyeshazo mahali pa gia ya kwanza, mahali pa gia ya pili, na mahali pa gia ya kurudi nyuma. Katika motokaa nyingi za kale hakikuchorwa kitu. Kilikuwa tufe jeusi, laini, lisilo na neno.

Wapenzi wa motokaa za kale hulisifu tufe hilo kwa uzuri wake, na wageni wake hulilaumu kwa ukimya wake. Kila upande una haki yake, na haki mbili zinapogombana hapana budi zipimwe.

Kwanza ifahamike kuwa ukimya haukuwa tabia ya watengenezaji tangu mwanzo. Ford Model T, iliyotengenezwa tangu mwaka 1908 hadi 1927, haikuwa na mkono wa gia wa namna hii. Dereva aliiongoza kwa pedali tatu: ya kushoto kwa kubadili mwendo wa kwenda mbele, ya katikati kwa kurudi nyuma, na ya kulia kwa breki. Katika gari za miaka ya mwanzo pedali hizo zilitiwa herufi C, R na B. Ni ajabu kuona maandishi yamewekwa chini ya nyayo, lakini sababu yake si ngumu. Mnunuzi wa siku zile alikuwa ametoka katika gari la farasi juzi tu. Hakuwa na baba wala jirani wa kumfundisha, na farasi wake wa zamani hakupata kuwa na pedali. Mtengenezaji alijua kwamba anauza kitu kwa umma usiokijua, akaandika.

Mwishoni mwa mwaka 1927 ilitokea Ford Model A. Hii ilikuwa na mkono wa gia uliosimama sakafuni, na juu yake tufe jeusi tupu. Gia za kwenda mbele zilikuwa tatu, zimepangwa kwa umbo la herufi H: kushoto mbele palikuwa pa kurudi nyuma, kushoto nyuma pa gia ya kwanza, kulia mbele pa gia ya pili, na kulia nyuma pa gia ya tatu. Mpango huu ulienea katika Marekani hata ukawa kama desturi ya nchi. Mtu aliyejifunza katika motokaa ya kampuni moja aliweza kuketi katika motokaa ya kampuni nyingine akaondoka salama. Kwa hiyo utupu wa tufe lile haukuwa dharau kwa mgeni. Ulikuwa ushahidi kwamba maarifa yamekwisha kuwa mali ya wote, na jambo lililo mali ya wote halihitaji kupigiwa mbiu.

Sasa yafaa kuuliza alama ya gia ni ya nani hasa. Alama imechorwa juu ya kirungu, na kiganja cha dereva hukaa juu ya kirungu hicho hicho. Katika nukta ile ambayo gia inabadilishwa, mkono umekwisha kuifunika alama, na macho yako barabarani. Ni dhahiri basi kwamba mwenye gari haisomi. Mkono wake unajua njia kama mguu unavyojua ngazi za nyumbani gizani. Anayeisoma ni mtu mwingine: yule aliyeazimwa gari, yule aliyelinunua jana, yule aliyeitwa usiku amkimbize mgonjwa hospitali kwa gari lisilo lake. Naye huisoma mara moja tu, kabla hajaondoka. Kwa hiyo alama ile si chombo cha kuendeshea. Ni adabu, mfano wa neno la karibu litamkwalo mlangoni. Mwenyeji hajikaribishi mwenyewe, lakini nyumba isiyo na neno hilo haisemwi vyema.

Watetezi wa tufe tupu wanazo hoja tatu zenye nguvu. Hoja ya kwanza ni kwamba kuendesha ni elimu ya mkono na sikio, na mchoro hauwezi kuifundisha. Kabla ya mwaka 1928, Cadillac ilipoleta mtambo wa kulinganisha mwendo wa gia zenyewe kwa zenyewe, dereva alilazimika kuyalinganisha meno ya gia kwa ustadi wake, akikanyaga klachi mara mbili na kusikiliza sauti ya injini. Mchoro ungalimwambia mahali pa gia, usingalimwambia wakati wake. Mtu aliyejua mahali bila kujua wakati alisaga meno ya chuma, na kelele ile ikamtangaza kwa mtaa mzima.

Hoja ya pili ni kwamba alama huweza kusema uongo. Kirungu hufunguka kwa kuzungushwa tu, na kingine kikatiwa mahali pake. Mtu akichukua kirungu chenye mchoro wa gari moja akakiweka juu ya mkono wa gia wa gari jingine, mgeni atapotezwa na kitu anachokiamini. Tufe tupu halimdanganyi mtu. Asiyeambiwa kitu hujihadhari, bali aliyeambiwa uongo huenda kwa ujasiri.

Hoja ya tatu ni uaminifu kwa kitu chenyewe. Mtu anayeirudishia motokaa ya kale hali yake ya awali hufanya kazi ya mhifadhi. Kama tufe lilitoka kiwandani likiwa tupu, kulichora leo ni kuitilia kauli isiyo yake.

Hoja hizi ni njema, lakini zote zinadhani kwamba kosa la mgeni ni aibu tu. Hapo ndipo zinapopungua. Dereva mgeni wa Volkswagen ya kale, ile ya umbo la kobe, hawezi kurudi nyuma mpaka aubonyeze mkono wa gia chini kwanza. Asiyeambiwa huweza kuhangaika mbele ya ukuta kwa muda mrefu. Atacheka au atachekwa, na mwisho atauliza, kwa maana kuuliza si ujinga. Hapa ukimya umemgharimu dakika chache. Porsche 911 ya gia tano, iliyouzwa tangu miaka ya 1960, ina habari nyingine. Gia yake ya kwanza ilikuwa kushoto nyuma, na ya kurudi nyuma ilikuwa kushoto mbele. Kuanzia gari za mwaka 1972 mpango ukageuzwa, na pale kushoto mbele pakawa pa gia ya kwanza. Jina ni lile lile na umbo ni lile lile, lakini mwendo mmoja wa mkono ulilipeleka gari la mwaka mmoja nyuma na gari la mwaka uliofuata mbele. Yamkini nyuma ya gari pamesimama mtoto. Hapo kosa halilipwi kwa aibu, wala halilipwi na yule aliyekosa.

Serikali ya Marekani iliupima mzani huu. Baada ya sheria ya mwaka 1966 juu ya usalama wa motokaa, ilitolewa kanuni ya 102, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 1968. Kanuni hiyo iliamuru kwamba mpango wa gia uonekane mbele ya dereva wakati wote anapoketi mahali pake. Lakini iliachilia motokaa za gia tatu zilizofuata umbo la kawaida la H. Watunga kanuni waliona kuwa mpango ule unajulikana na kila mtu, na kwa siku zao hawakukosea.

Walakini neno kila mtu lina umri wake kama watu walivyo na umri wao. Dereva wa leo, kama amejifunza gia za mkono, amejifunza katika gari la gia nne au tano au sita, ambamo gia ya kwanza aghalabu iko kushoto mbele. Akipanda Ford Model A, mkono wake utakwenda huko huko kwa mazoea, na huko ndiko kuliko na gia ya kurudi nyuma. Tufe halikubadilika hata kidogo. Waliobadilika ni watu. Maarifa yaliyokuwa ya wote yamekuwa ya wazee na mafundi wachache, na ukimya uliokuwa na maana ya kwamba kila mtu ajua, umepata maana ya kwamba mgeni na abahatishe.

Jambo la namna hii limepata kutokea katika maandishi, nalo halipo mbali na wasomaji wa Kiswahili, ambao lugha yao iliandikwa kwa herufi za Kiarabu karne nyingi. Kiarabu cha kale kiliandikwa bila irabu, kwa kuwa mwenyeji wa lugha alizitia mwenyewe katika kusoma. Watu wa lugha nyingine walipoingia kwa wingi, makosa yalizidi. Yasimuliwa kwamba Abu al-Aswad al-Du'ali, mwanachuoni wa karne ya 7, ndiye aliyeanza kutia nukta za kuonyesha irabu. Katika nakala za kale nukta hizo zilitiwa kwa wino wa rangi nyingine, mbali na wino wa herufi. Kwa hila hiyo njema maandishi yalibaki kama yalivyokuwa, na mgeni akapata msaada wake. Mjuzi hakupungukiwa kitu, na mwanafunzi hakuachwa gizani.

Kwa mfano huo ugomvi wa haki mbili huweza kumalizika. Kanuni ya mwaka 1968 yenyewe haikuamuru kwamba mpango wa gia uchorwe juu ya kirungu. Ilitaka uonekane kwa dereva. Mhifadhi basi huweza kuliacha tufe lake jeusi kama lilivyotoka kiwandani, na mpango wa gia akauandika katika kipande cha kadi mbele ya kiti. Kadi haifunikwi na kiganja, haihami kirungu kinapohamishwa, na huondolewa siku ya maonyesho bila kuacha kovu.

Mwenye kujua hana deni la kuandika kila ajualo, maana maisha yasingalitosha. Deni lake ni kujiuliza nani atakayekuja baada yake, na kosa la mtu huyo litamwangukia nani. Likiwa litaishia katika aibu ya mkosaji, anaweza kunyamaza na kumwachia mgeni furaha ya kujifunza. Likiwa litamfikia mtu mwingine asiyeshika hata usukani, ukimya ni kosa la ajuaye kabla haujawa kosa la asiyejua. Na swali hilo halijibiwi mara moja likaisha. Hapana budi liulizwe tena kila gari linapobadili mikono, kwa sababu gari hudumu kuliko kizazi kilichojua kuliendesha.