Uhuru wa Mchezaji na Mizani ya Sihiri: Tatizo la Kimaadili katika Michezo ya Kuvaa Uhusika

Kiwango cha uwezo anachostahili kupewa mhusika ni suala la kale katika nadharia ya fasihi. Upya wake katika michezo ya kuvaa uhusika inayochezwa kwenye kompyuta ni kwamba uwezo huo huamuliwa, kwa sehemu kubwa, na mtu asiyekuwa mtunzi. Mchezaji ndiye anayemteulia shujaa mbari, stadi na sihiri. Mtunzi hubakia na kazi ya kuweka masharti. Swali linalozuka ni la kimaadili kabla halijawa la kiufundi: je, mtunzi ana haki ya kumzuia mchezaji asijiumbie shujaa asiyeshindika, ilhali ushindi huo haumdhuru mtu mwingine yeyote?

Pale wachezaji wengi wanaposhindana, jibu ni jepesi. Mwenye uwezo wa kupindukia huwanyima wenzake haki, na mizani huwa ni uadilifu wa kawaida tu. Ugumu umo katika mchezo wa mtu mmoja.

Chimbuko la kanuni nyingi za michezo hii ni Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa karatasi na dadu uliotungwa na Gary Gygax na Dave Arneson na kuchapishwa Marekani mwaka 1974. Kanuni yake ya sihiri iliazimwa kutoka katika hadithi za Jack Vance: mwenye sihiri huihifadhi akilini mapema, na akishaitumia humtoka, asiwe na budi ila kujifunza upya. Wapo wanaoiona kanuni hii kuwa ya kihasibu. Hukumu hiyo ni ya haraka mno, kwani kanuni yenyewe inatoa kauli kuhusu binadamu: kutumia uwezo ni kupungukiwa. Inafaa kukumbukwa pia kwamba neno lolote la Kiswahili litakaloteuliwa hapa, liwe uchawi, uganga au sihiri, limekwisha kubeba hukumu ya jamii. Katika mingi ya michezo hii uwezo huo umevuliwa hukumu ukabakizwa tarakimu.

The Elder Scrolls III: Morrowind, uliotolewa na Bethesda mwaka 2002, ulifuata mkondo mwingine. Ulimpa mchezaji mbari 10 na stadi 27, ukamruhusu kuchanganya athari mbalimbali, kujiundia sihiri zake mwenyewe na hata kuzipa majina. Katika utajiri huo mlikuwa na ufa. Nguvu ya dawa hutegemea akili ya anayeitengeneza, na miongoni mwa dawa imo ya kuongeza akili. Anayeinywa hutengeneza iliyo kali zaidi, akainywa hiyo nayo, hadi tarakimu zikapoteza maana na hatari yote ya ulimwengu ule ikayeyuka.

Mtetezi wa uhuru atashikilia kwamba hapana aliyedhulumiwa. Hoja hiyo ina uzito. Furaha ya kugundua njia ambayo mtunzi hakuidhamiria ni furaha halisi, na inakaribiana na ile ya msomaji anayeibua katika shairi maana ambayo malenga hakuiwaza. Lakini hoja hiyo inapuuza ahadi. Mchezo unapomtaka mtu achague kati ya upanga, wizi na sihiri, unamwahidi kwamba uteuzi wake utakuwa na matokeo. Njia moja ikizimeza nyingine zote, aliyeshika upanga amehadaiwa, hata kama hatalijua hilo maishani mwake. Dhuluma ipo, nayo imetendwa na mtunzi.

Tiba iliyojaribiwa katika Skyrim, mwaka 2011, ilikuwa kukata. Uundaji wa sihiri uliondolewa, stadi zikapunguzwa hadi 18. Ufa haukuzibika: dawa ya kuimarisha stadi ya uponyaji ilikuza nguvu ya mavazi yenye sihiri, mavazi yakakuza nguvu ya dawa, na mzunguko ukaanza upya. Mchezaji alipokonywa ubunifu na mizani yenyewe isipatikane.

Kosa liko katika kuidhania mizani kuwa jambo la hesabu pekee. Fumo Liyongo wa masimulizi ya Waswahili hana mpinzani wa kumlinganisha naye kwa nguvu. Silaha hazimdhuru, isipokuwa sindano ya shaba kitovuni. Siri hiyo anaitoa mwenyewe, kwa mwanawe. Kinachompatia hadhira taharuki ni udugu wa damu na imani ya baba, wala hakuna msimulizi aliyelazimika kumpunguzia misuli ili kisa kisimame.

Planescape: Torment, uliotolewa mwaka 1999 chini ya kanuni za Dungeons & Dragons, unaukaribia ufundi huo kuliko mingine. Shujaa wake asiye na jina hafi. Akiuawa huamka tena. Kwa mhasibu wa tarakimu, hiyo ni kasoro isiyovumilika. Hata hivyo, mchezaji hugundua baadaye kwamba kila kifo chake kimelipwa kwa uhai wa mtu mwingine, na kwamba vivuli vinavyomwandama ni vya waliolipa. Uwezo haukupunguzwa hata chembe, ila kuanzia hapo kila kuamka kuna deni.

Watunzi wa Morrowind nao hawakuwa vipofu. Karibu na kijiji cha Seyda Neen, mwanzoni mwa safari, mtu huanguka kutoka angani akafa mbele ya mchezaji. Katika maiti yake mna daftari la majigambo na hati tatu za sihiri aliyoibuni mwenyewe, ya kumwezesha kuruka mbali kupita kiasi. Sihiri hiyo hudumu kwa sekunde 7, na mruko huchukua muda mrefu zaidi. Hakuna anayemkataza mchezaji kuzichukua hati hizo. Wengi huisoma ya kwanza papo hapo, wakaruka, wakafa kama mwenyewe. Wachache hung'amua kwamba ya pili yafaa kusomwa wakiwa bado hewani.